Siku kumi ndani ya kontena Oldonyo Sambu kama tuko Mars, siku yenyewe tuipangeje?

Kijana_wa_Kijenge

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote humu shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Arusha. Chuoni tuna kikundi chetu cha sayansi na mwaka huu tumeamua kufanya kitu tulichokiongelea tangu tuko mwaka wa kwanza, tujifungie siku kumi sehemu moja tuishi kama watu walioko Mars, ile Mirihi ya vitabu vya jiografia. Sio kwa ajili ya picha. Tunataka tuishi kweli, maji ya kupimiwa, chakula kikavu, hakuna kukanyaga nje bila suti na helmeti, na meseji za nyumbani zichelewe kama zinavyochelewa kule.

Mjomba wa mwenzetu ana eneo Oldonyo Sambu, njia ya Namanga, na ndani kuna kontena la futi 40 alilokuwa anawekea vifaa vya ujenzi, ametuachia mwezi wa saba wote. Wanaopita ile njia wanajua kulivyo, kukavu, upepo hauishi, na mchana unaona vimbunga vya vumbi vinatembea vyenyewe uwandani. Mars navyo vipo, roboti zimevipiga picha vikipita. Siku ya kwanza kufika pale nilisimama mlangoni mwa kontena nikaangalia ule uwanda muda mrefu, nikasema hapahapa.

Tuko sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Tuna simtanki la lita 1,000, paneli mbili za sola na betri, jiko la gesi, vitanda vya dabo deka vitatu. Suti tunashonesha kwa fundi wa Kilombero, ni maovaroli tu anayabadilisha, helmeti tunatengeneza wenyewe kwa plastiki angavu. Hivyo vyote vinakwenda. Ninapokwama ni siku yenyewe, yaani mtu ameamka, halafu? Nani apike, tuoge mara ngapi, saa tufuate ya kwetu au ya Mars maana siku ya kule inazidi ya kwetu kama dakika 39 na nusu, na tukishamaliza kukusanya mawe siku ya pili zile nane zilizobaki tunafanya nini.

Na kuna jambo linaninyima usingizi. Mama wa mmoja wa wale wasichana amekataa, amesema mwanawe hawezi kulala kontena moja na wavulana siku kumi porini. Huyo dada ndiye anayejua umeme kuliko sisi wote na wazo lenyewe lilianzia kwake. Sitaki aachwe, na sitaki kumdanganya mama yake. Naomba mawazo yenu.

Mtunza_mimea_Moshi

Mdogo wangu hongereni, umenikumbusha mbali sana. Mimi nimeishi hivyo wiki mbili. Nilipokuwa nasoma nje niliingia kwenye kikosi cha wanafunzi kilichokwenda Utah, Marekani, kwenye kituo kinachoitwa Mars Desert Research Station, kiko jangwani karibu na kamji kadogo ka Hanksville, kinaendeshwa na chama kinachoitwa Mars Society na vikosi vinapokezana pale tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanafunzi wanaokwenda ni wengi, ISAE-SUPAERO ya Toulouse kule Ufaransa, UCLouvain ya Ubelgiji, Purdue ya Marekani, hao wote wamekuwa wakipeleka vikosi vyao mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mtu akikwambia mnacheza usimjibu, endelea kupima maji yako.

Nyumba ya pale ni kama tenki kubwa limesimama, upana mita 8, ghorofa mbili. Chini kuna choo, bafu, sehemu ya suti na chumba cha hewa, juu kuna jiko, meza moja na vyumba vya kulala, vidogo kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Watu sita mpaka saba. Pembeni lipo banda la mimea na ndiko nilikopangiwa mimi. Ardhi ni nyekundu, na mawe yake umri wake unakaribiana na yale ya Tendaguru kule Lindi walikochimba mifupa ya dinosaria iliyopelekwa Berlin, hilo nililigundua nikiwa kulekule na nikajisikia niko karibu na nyumbani.

Sasa siku. Asubuhi saa moja tunakutana mezani, uji wa oti, na kamanda anamuuliza kila mtu amelalaje. Usiliruke hilo swali, kwetu ndilo lililotuonyesha mapema kwamba mwenzetu mmoja hajalala siku tatu. Baada ya hapo wanaotoka nje wanaanza kuvaa na kuvaa kunakula muda, nusu saa na zaidi inaisha hamjagusa mlango. Unavaa, mwenzako anakukagua mgongoni, feni zinawashwa maana zisipowaka kioo cha helmeti kinajaa ukungu huoni mbele na unabaki unapumua hewa yako mwenyewe. Halafu mnaingia chumba cha hewa mnasimama dakika 5. Hewa haitolewi kweli, lakini mnasubiri kama inatolewa, kwa sababu Mars huko nje msukumo wa hewa haufiki asilimia 1 ya huu wetu na karibu yote ni kabonidioksaidi. Siku ya tatu nikiwa nimesimama mle nikiwa sina la kufanya nikaona buti la mwenzangu kamba imefunguka. Tukaifunga mlemle. Nje asingeweza kuinama na ule mzigo mgongoni, angeanguka kwenye mawe. Kwa hiyo nyie hata kama chumba chenu cha hewa ni turubai limetundikwa mlangoni, zile dakika 5 zishikeni.

Nje mnakaa saa mbili tatu, mnarudi mmechoka, mnafuta vumbi, mnakula, na mchana kila mtu na kazi yake. Hapo ndipo nakujibu lile swali la siku nane zilizobaki. Msitoke nje kila siku na msikusanye mawe bila swali. Kila mmoja aingie na kazi moja inayohitaji kurudiwa kila siku, kupima joto ndani na nje kila baada ya saa nne, kuhesabu umeme ulioingia na uliotumika, kupima mapigo ya moyo ya wenzake kabla na baada ya kutoka. Mimi nilikuwa naingia kwenye banda la mimea asubuhi na jioni, namwagilia, napima, naandika. Ilipofika siku ya sita watu wakaanza kunifuata bila kuitwa, wanakaa tu pale kwenye majani dakika kumi wananusa. Nyie kwa siku kumi mchicha wa mbegu hautawahi, uanzeni nyumbani wiki mbili kabla muuingize kwenye vindoo, na mle ndani muoteshe choroko kwenye kitambaa chenye unyevu, siku ya nne ya tano mnakula machipukizi yake.

Jioni kuna muda maalum wa mawasiliano na watu wa nje, na kabla haujafika ripoti zote ziwe tayari. Kamanda anaandika ya siku nzima, wa mitambo anaandika maji yaliyobaki na hali ya umeme, mimi mimea, mmoja anaandika simulizi ya siku, aliyetoka nje anaandika alikopita. Saa hizo nyumba nzima inakuwa kimya unasikia vidole tu kwenye kompyuta. Tafuteni mtu makini wa kuzipokea huko mjini, awajibu kila jioni, maana ripoti isiyosomwa na mtu siku ya nne mtaacha kuiandika. Na meseji zicheleweshwe kweli. Kutoka Mars mpaka hapa ni dakika 3 mpaka 22 kwa upande mmoja kutegemea sayari zimekaaje, kule Hawaii kwenye kambi ya HI-SEAS, nayo ya kuishi kama Mars, waliweka 20. Nyie wekeni 15, maandishi na sauti ya kurekodi basi, hakuna kupiga.

Saa ya Mars achaneni nayo safari hii. Piga hesabu, dakika 39 na nusu mara kumi ni zaidi ya saa sita na nusu, kama mlianza kuamka saa 12 asubuhi mtamaliza mnaamka saa sita na nusu mchana, na sola yenu inafuata jua la Oldonyo Sambu, haifuati la Mars. Watu wa NASA wanaoendesha roboti waliifuata miezi ya mwanzo, mwaka 2004 mpaka wakatengenezewa saa za mkononi zinazokwenda polepole, na iliwachosha mno.

La mwisho ni chakula. HI-SEAS ile misheni yao ya kwanza mwaka 2013, miezi minne, kitu kikubwa walichokuwa wanakichunguza ni chakula tu, cha kupika wenyewe kutokana na vitu vikavu na kile kilichokuja kimeshaandaliwa. Sisi tulikuwa na mayai ya unga, nyanya za unga, nyama kavu, mboga kavu. Siku ya tisa nikatoa kilo moja ya unga wa sembe niliyobeba kwenye begi langu nikasonga ugali, na ile nyama kavu nikaiunga kwa kitunguu cha unga. Wenzangu hawajawahi kuuona. Nikawafundisha kumega na kubonyeza kwa dole gumba, na ile meza iliyokuwa na siku mbili watu hawaongei vizuri wakakaa mpaka saa tano usiku. Bebeni kitu kimoja cha kwenu mkifiche mpaka siku mtakayokihitaji.

MpishiMlimani

Nimesoma yote hadi mwisho, kazi nzuri sana vijana. Mimi Mars siijui lakini watu waliojifungia pamoja kwenye baridi nawajua, miaka 14 nipo Kilimanjaro, nilianza kama mgumu nikabeba mizigo ya wageni misimu minne ndo nikaingia jikoni. Ukitoka Horombo unaelekea Kibo ile sehemu katikati ya Mawenzi na Kibo hakuna mti hakuna jani la maana ni mawe na mchanga na upepo, wageni wengi wakifika pale wanasema wenyewe hapa kama Mars.

Chakula kipakie kwa siku. Mfuko wa siku ya kwanza, wa siku ya pili, mpaka wa kumi, kila mmoja umeandikwa na umefungwa, na haufunguliwi kabla ya siku yake hata kama mtu analia njaa. Mkipakia sukari yote pamoja na mafuta yote pamoja siku ya sita mnalamba chumvi, nimeona safari nyingi zinaharibika hivyo. Ongezeni mifuko miwili ya akiba akae nayo kamanda. Mlimani mzigo wa mgumu unapimwa getini kilo 20 kwa hiyo tunajua kila gramu ina kazi gani, na nyie fanyeni kama mzigo unapimwa.

Asubuhi uji wa ulezi mzito wenye karanga za kusaga. Mchana kitu chepesi. Jioni kila siku muanze na supu kabla ya chakula chenyewe, hata ya unga wa ndizi na kitunguu, ina ladha ya mtori kwa mbali, mtu akipata kikombe cha moto mkononi maneno yanapungua ukali. Saa kumi jioni chai na bisi. Mahindi ya bisi ni mepesi kubeba, hayaozi, na ile sauti inavyoanza kwenye sufuria hema zima linasogea, nimeona mtu aliyekuwa amenuna tangu asubuhi anakuja kukaa karibu na jiko. Dagaa wakavu, choroko, maharage mloweke usiku, yakishachemka robo saa mtoe sufuria muifunike kwenye kikapu chenye mablanketi yaive yenyewe, gesi inabaki.

Vyombo ndo vitawamaliza maji, sio kuoga. Sufuria la ugali likikauka ukoko mtatumia ndoo nzima. Mkishapakua tu muweke maji nusu kikombe ndani na mfuniko, ukoko unaachia. Sahani futeni kwa karatasi kwanza ndo zipite kwenye beseni la sabuni halafu beseni la kusuuzia, na maji ya kusuuzia ya leo ndo ya sabuni ya kesho.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa, JIKO LA MKAA NDANI YA KONTENA HAPANA, hata kama baridi inauma vipi, hata dakika tano. Ile hewa ya mkaa haina harufu, unasinzia unaona unalala kumbe ndo basi. Gesi nayo mtungi ukae nje, mpira upite kwenye tundu, na dirisha la juu na la chini yawe wazi mkipika. Hapo sheria ya Mars mtaivunja na mvunje tu.

Mkazi_Ngaramtoni

Mwezi wa saba Oldonyo Sambu usiku ni baridi ya kukata na mchana bati la kontena linawaka, mtapikwa. Simikeni nguzo juu yake muezeke majani au makuti, yasigusane na bati, yaache nafasi upepo upite. Na mapema kabisa nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazee wa pale, mkajieleze na hizo helmeti muwaonyeshe, wachungaji wengi pale ni watoto wadogo wa Kimasai wapo na mbuzi, wakikutana na watu sita wamevaa vitu kichwani hawana sura watakimbia waache mifugo au mtapigwa fimbo. Watoto waje wazivae wenyewe kabla hamjaanza. Baba zao ndio watakaowalinda usiku.

Mama_Bweni

Marahaba mwanangu. Nimekuwa matroni wa bweni huku Moshi miaka kumi na moja kabla sijastaafu, kwa hiyo naomba nikujibu hilo la mama wa mwenzenu kwanza, maana hao wengine wamejibu vizuri sana mambo ya tumbo.

Huyo mama hajakosea. Usimpigie simu na usimtumie mtu. Nenda nyumbani kwao wewe na yule binti na mtu mzima mmoja, mkae, mnywe chai, umweleze yote mpaka choo kikoje. Wazazi wengi wanaokataa wanakataa kwa sababu wanaambiwa nusu. Na kabla hamjaenda muwe mmeshajenga kitu cha kumwonyesha. Kontena la futi 40 lina urefu wa kama mita 12, upande wa mwisho kateni mita mbili na nusu, wekeni ukuta wa mbao mpaka juu kabisa, mlango wenye komeo la ndani, na fundi wa kuchomelea awatobolee mlango mwingine wa nje upande huo huo. Huo utakuwa mlango wa moto kwa wote vilevile, hamwezi kulala watu sita na mlango mmoja. Awepo mama au dada mtu mzima kwenye nyumba ya mjomba siku zote kumi, ambaye wasichana wanaweza kumwita bila kupitia kwa kamanda na bila kusubiri hizo dakika kumi na tano zenu.

Wasichana mkumbuke siku zao. Siku kumi ni nyingi, mmoja wao zitamkuta. Maji yao ya usafi yahesabiwe mapema kwenye bajeti wasije wakaanza kuombaomba lita mbele ya wavulana, na kuwe na ndoo yenye mfuniko kwenye chumba chao. Hilo lipange na wao wenyewe wawili usilipange wewe.

Ugomvi mwanangu hautaanzia kwenye mambo makubwa. Bwenini kwangu nimeamua kesi za kikombe, za sponji, za mtu kukanyaga ndala ya mwenzake na miguu yenye maji, za anayekoroma, za anayemaliza sabuni. Wasichana wawili walioacha kusemeshana muhula mzima ilikuwa ni kwa sababu mmoja alihamisha daftari la mwenzake kitandani akakaa. Kila mtu awe na kikombe chake chenye jina, msumari wake wa kutundika vitu na sanduku ambalo hakuna mwingine anafungua. Zamu ziandikwe ukutani, mpishi wa leo haoshi vyombo leo, na kamanda naye aoshe choo kama wengine, tena siku ya kwanza awe yeye. Mtu akitaka kukaa kimya muweke alama, kwangu tulikuwa na khanga, ukitundika khanga kwenye dabo deka lako hakuna anayekusemesha mpaka uitoe.

Chakula cha jioni mle wote pamoja, simu zikae sanduku moja.

Fundi_wa_maji

Naongezea la maji maana watu wamesahau kuuliza yanatoka wapi. Kama simtanki mtalijaza kwa kisima cha karibu pimeni floraidi kwanza. Huku kuzunguka Meru sehemu nyingi maji yana floraidi kubwa, wengi wetu meno yetu ya kahawia yanatutambulisha tukifika mikoa mingine, na kuchemsha hakuitoi bali kunaizidisha maana maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita.

Hapo ndo mna kazi nzuri kuliko mawe. Chombo cha Phoenix kilichotua Mars mwaka 2008 kilikuta kwenye udongo chumvi zinazoitwa pakloreti, hazifai kunywa wala kulimia, kwa hiyo mtu atakayeishi kule lazima asafishe maji kabla hajayatumia. Na sisi huku tunasafisha kila siku, mkaa wa mifupa umetumika miaka mingi kutoa floraidi, na kule Tengeru kwenye chuo cha Nelson Mandela alitoka Dkt. Askwar Hilonga na chujio lake lililoshinda tuzo ya Africa Prize ya uhandisi mwaka 2015. Chukueni maji ya kisima kidogo, tengenezeni chujio la mkaa wa mifupa mlemle ndani, mpime kila siku linashika kiasi gani na linachoka lini. Na maji ya beseni mjaribu kuyarudisha kwenye mchicha. Kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2023 walifikia kurudisha asilimia 98 ya maji yao, nyie mkirudisha hata robo andikeni.

Lita 1,000 kwa watu sita siku kumi ni kama lita 16 na nusu kila mtu kwa siku, kila kitu humo. Wekeni koki moja na daftari limefungwa kwa kamba hapo hapo kwenye koki, nani, lita ngapi, ya nini. Asiyeandika hachoti.

Mtunza_mimea_Moshi

Fundi amenena. Kijana jambo moja nimesahau, kubalianeni neno moja la dharura, likitamkwa mchezo wa Mars unakufa hapohapo helmeti zinavuliwa na hakuna wa kuuliza kwa nini. Mwaka 2018 misheni ya HI-SEAS ilisimama baada ya siku chache tu, mmoja alipigwa na umeme akapelekwa hospitali. Na nyie mna betri na inveta ndani ya chuma.

Kijana_wa_Kijenge

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, wiki tatu hizi tumefanya mengi mliyotuambia. Mama Bweni asante sana mama, Mungu akubariki.

Ukuta wa mbao umesimama na mlango wa pili umetobolewa. Inveta tumeitoa ndani tumeijengea kibanda chake na fundi umeme ameweka waya wa ardhini kwenye kontena. Kwa mwenyekiti tulikwenda na helmeti mbili, watoto kama ishirini wakazivaa kwa zamu, mzee mmoja alituuliza kule Mars majani ya ng'ombe yapo, tukamwambia hakuna hata moja, akatikisa kichwa akasema basi hamtakaa.

Jumamosi iliyopita tukajaribu, tumeingia saa 12 asubuhi tukatoka Jumapili saa hizohizo, wote sita isipokuwa yule dada wa umeme, nafasi yake aliingia mwingine. Daftari la koki linasema tulitumia lita 87. Kunywa na kupika 31, kuoga kwa kitambaa na kikombe 18, mikono na meno 12, vyombo 26. Mpishi Mlimani ulichosema ndicho kilichotokea, aliyesonga ugali usiku aliacha sufuria wazi akaenda kuandika ripoti na asubuhi lile sufuria peke yake limekula lita 9. Sasa sheria ya nusu kikombe na mfuniko imeandikwa ukutani juu ya jiko.

Kontena bila paa la majani saa nane mchana lilifika nyuzi 38 ndani, usiku saa kumi likashuka mpaka 9. Majani tunaezeka wiki hii. Helmeti mbili zilipata ukungu dakika ya sita, tunaongeza feni za kompyuta mbovu. Saa kumi jioni tukapika bisi. Na kweli, dabo deka zote zikawa tupu kwa dakika moja.

Ripoti anapokea mwalimu wetu mmoja aliyeko Njiro, mjini, alijibu kila moja baada ya dakika 15 kamili, na kwenye ya maji akauliza lita 9 za sufuria zilikwenda wapi, tukaanza kuangaliana.

Nyumbani kwa yule dada tulikwenda na dada yangu mkubwa, ambaye ndiye atakayekaa kwa mjomba siku zote kumi. Mama alisikiliza mpaka mwisho hakusema ndiyo wala hapana, akasema anataka kupaona. Jana tukampeleka. Alizunguka kontena nje, akaingia, akaangalia vitanda, hakuuliza chochote kuhusu Mars. Akaenda kwenye kile chumba cha mwisho, akafunga mlango akiwa ndani tukasikia komeo linaingia, linatoka, linaingia tena. Akakaa kama dakika mbili mle. Alipofungua akamwambia binti yake komeo liko juu sana, washushe, usiku mtu anapapasa kwenye usawa wa kifua. Halafu akauliza lile daftari la maji liko wapi alione.

Leo fundi ameshusha komeo. Tunaingia Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba, wote sita wa mwanzo. Choroko nimenunua kilo mbili.